Ufa Upande wa Nadra

Jiwe lenyewe halikuwa kubwa kuliko tunda la kungu, na lilikuwa limelowa, wakati mvua ilikuwa haijanyesha Unguja kwa wiki tatu.

Liliruka kutoka kwenye lori la kifusi lililokuwa likitoka shamba bila ya turubali, karibu na Bububu, saa saba na nusu mchana. Shemsa alikuwa ameshawashusha watoto wote wa skuli anaowachukua, kasoro binti yake Nadra, wa miaka minane, aliyekaa kiti cha mbele kushoto. Jiwe likapiga kioo, pa, likanasa kwenye waipa. Shemsa akaegesha pembeni, akashuka, akainamia boneti kutazama hasara. Kiooni, mbele ya usukani, palikuwa na nyota ndogo, na kwenye nyota hiyo ufa mmoja wa urefu wa ukucha.

Akalichukua jiwe. Lilikuwa limegandwa na kipande cha kitambaa chekundu kilichooza, na lilinuka marashi ya mawaridi na tope la kisima.

Mlango wa kuvuta, ubavuni mwa gari, ukagongwa mara tatu, kwa adabu, kama kwa kifundo cha kidole.

"Karibuni, ingieni," Shemsa alisema bila ya kuinua kichwa. "Na msigombanie dirisha."

Ndiyo maneno yake ya kila siku, kila kituo, miaka minne sasa tangu mumewe afariki na kumwachia gari hii. Mdomo ulishajua kuyasema peke yake. Alisikia mlango ukivutwa, gari ikalala kidogo nyuma kama inavyolala mtu mzima anapopanda, kisha mlango ukafungwa. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba watoto wote wameshashuka.

"Mama," Nadra aliuliza kwa sauti ndogo, "nani huyu?"

Viti vya nyuma vilikuwa vitupu.

Jambo hili mtu wa Unguja hafundishwi skuli, anafundishwa jikoni: ukipigiwa hodi na humjui anayepiga, usiitikie mpaka ajitaje. Shemsa alifundishwa na mama yake, na yeye alimfundisha Nadra. Alilitupa jiwe mtaroni, akasoma Ayatul Kursi, akaondoa gari. Alikuwa na wali wa kupika.

Matar, fundi wa vioo wa Ng'ambo, aliupapasa ufa siku ile ile jioni. "Mdogo huu, Bi Shemsa. Tutautia gundi, utatulia." Akautia gundi, akapiga alama ya kalamu pale ulipoishia. "Ukiipita alama hii, njoo. Lakini ufa hukimbilia ukingo wa karibu. Wako ukitaka kwenda utashuka chini."

Haukushuka. Asubuhi ya pili yake ulikuwa umeipita alama kwa shubiri nzima, na ulikuwa unakwenda kushoto, umenyooka kama uzi uliovutwa, kuelekea alipokaa Nadra. Matar akabadilisha kioo kizima. Siku mbili kioo kipya kikakaa safi. Siku ya tatu nyota ilikuwa pale pale, na ufa ule ule, mrefu kuliko ulipoachwa.

"Limekupiga jiwe jengine?"

"Halijanipiga kitu."

Matar akapapasa nje. Akaingia ndani, akapapasa, akaondoa mkono haraka na kuufuta kwenye suruali.

"Nje laini, ndani laini. Ufa uko katikati ya kioo." Alikuwa mtu wa mzaha, lakini siku hiyo mzaha haukuja. "Nnafunga vioo mwaka wa kumi na sita huu. Hiki sikiwezi."

"Sasa nifanye nini, fundi?"

"Kwanza mtoe mtoto pale mbele."

Alimtoa. Alimkalisha nyuma, dirishani, pamoja na wenzake. Kesho yake ufa ulikuwa umefika mwisho wa kioo, umeruka nguzo ya chuma, na umeendelea kwenye kioo cha dirisha, hadi usawa wa sikio la Nadra.

Watoto wakaanza kukataa kiti cha mwisho. Walijibana watano watano kwenye viti vya watu watatu, na kile cha mwisho wakamwachia Badria peke yake. Badria, wa darasa la kwanza, aliyekuwa hajajua kuogopa, ndiye aliyesema.

"Bi Shemsa, mwambie asogee. Ananilowesha sare."

Shemsa akasimamisha gari, akaenda nyuma, akapapasa kiti. Kilikuwa kimelowa chapachapa, na maji yake yalikuwa ya baridi, kama maji ya chini ya ardhi.

Nyumbani, Nadra akaacha kula.

"Kula, mwanangu."

"Nshakula."

"Umekula wapi?"

"Kanipa yeye." Alisema huku akitazama mlango. "Mama, nyumba yake imefukiwa. Anauliza kwa nini ulimkaribisha, kisha humpi pa kukaa."

Usiku ule Shemsa hakulia. Alifua sare, akaianika ndani, na alfajiri akamchukua mtoto hadi Jang'ombe, kwa Bi Maisara, anayezungumza na vitu vya namna hiyo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mkalishe mbali na kile kioo cha kabati."

Bi Maisara alichoma ubani na udi, akasikiliza habari yote akiwa amefumba macho. Shemsa alipofika penye kitambaa chekundu, bibi aliyafumbua.

"Kisima cha mzimu hicho. Watu wakifunga vitambaa, wakimwaga marashi. Kifusi chako kimetoka huko." Akamtazama Nadra, aliyekuwa akitabasamu kwenye pembe tupu ya chumba. "Kama angeingia kwa nguvu, ningemtoa kwa nguvu. Huyu amebisha hodi na wewe ukamwambia karibu. Mgeni wa namna hiyo hafukuzwi, Shemsa. Anasindikizwa kwao."

Wakamsindikiza. Walichukua sinia ya halua, marashi na ubani, wakaenda na gari ile ile kaskazini, wakiuliza njia ya lori, mpaka wakafika penye uzio wa mabati. Ndani hapakuwa na kisima. Palikuwa na sakafu ya zege, pana, kavu, imeshachorwa mistari ya maegesho ya magari ya hoteli. Bi Maisara alisimama muda mrefu na sinia mikononi. Hatimaye akaiweka chini, nje ya uzio, kama mtu anayeweka mzigo usio wake.

"Kwao hakuna tena," alisema kwa kunong'ona. "Na kisima kile hakikuwa na mmoja tu."

"Atakaa wapi?"

"Ataingia pale unapoelekea ufa."

"Mimi ndiye niliyemkaribisha. Anichukue mimi."

Bi Maisara alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimtisha Shemsa kuliko ubani wote. "Mwambie hivyo, wakati wa magharibi. Lakini usije ukasema nilikuahidi kitu."

Jioni Shemsa alimwacha Nadra nyumbani na jirani yao Mayasa, akatoka uani, akaingia garini, akakaa kile kiti cha mbele kushoto. Adhana ya magharibi ilikuwa inamalizika.

"Mimi ndiye mwenyeji wako," alisema. "Mtoto hakusema neno. Karibu kwangu."

Mlango wa kuvuta ukavutika polepole, na gari ikalala nyuma, na harufu ya mawaridi na tope ikaja mbele kiti kwa kiti, bila haraka, mpaka ikawa shingoni mwake, nayo ni baridi, na ushungi wake ukaanza kulowa kisogoni, na yeye akashika magoti yake mwenyewe asije akakimbia, akiyahesabu yale atakayoyakosa, sauti ya mtoto akisoma, uchovu wa saa sita mchana, na wali, hata wali, huku mbele ya macho yake ufa ukaanza kulia, tik, tik, kama wadudu kwenye boriti, ukatoka kwenye dirisha la nyuma na kurudi kwenye kioo cha mbele, ukafupika, ukajimeza shubiri kwa shubiri, ukafika kwenye nyota, na nyota nayo ikafumba kama jicho lililopata usingizi, mpaka kioo kikabaki kitupu na safi, na nyuma yake nyumba yake na taa ya sebuleni.

Shemsa akangoja. Akangoja aingiwe.

Mgongo ulimuuma palepale panapomuuma kila siku. Njaa ilikuwa yake. Alilitaja jina lake kwa sauti, na sauti ilikuwa yake.

Akafungua mlango wa gari, akakimbilia ndani ya nyumba.

Nadra alikuwa kwenye mkeka, anakula. Sahani ya pili. Mayasa alikuwa anafuta machozi kwa furaha. "Ameomba mwenyewe chakula, Shemsa. Alhamdulillahi."

Nadra akainua uso. Katika mboni ya jicho la kushoto palikuwa na nyota ndogo, na kwenye nyota hiyo mstari mmoja mwembamba, wa urefu wa unywele wa kope.

"Usihangaike tena, mama," alisema kwa upole. "Nshafika."

Jumatatu Shemsa aliitoa gari, kwa sababu watoto wa watu wanangoja na skuli haingoji. Matar alikuwa kwenye mlango wa gereji yake alipopita. Akakitazama kioo, akainua mkono. "Nani kakufungia, Bi Shemsa? Kazi safi."

Shemsa akakanyaga mafuta. Asubuhi ile alikuwa amemshika Nadra kidevu na kumgeuzia kwenye mwanga wa dirisha. Mstari ulikuwa umesogea, na kwenye jicho hapana pa kupiga alama ya kalamu.

Kituo cha kwanza kilikuwa bado mbali. Gari ilikuwa mwendoni, barabara nyeupe, jua limeshatoka, pale mlango wa kuvuta ulipogongwa mara tatu, kwa adabu. Kisha tena mara tatu. Kisha tena.

Shemsa aliuma midomo yake mpaka akaonja damu.

"Karibuni, ingieni," Nadra alisema kwenye kiti cha mbele, bila ya kugeuka. "Na msigombanie dirisha."

Gari ikalala nyuma, ikazidi kulala.