Kioo Cheusi cha Kutazamia Jua

Karakana ya fundi wa kuchomelea ilikuwa mbele, nyumba yake nyuma. Kutwa nzima alikata vyuma na kuunganisha mageti, uso wake ukiwa ndani ya barakoa yenye kioo cheusi. Kioo hicho kilikuwa kimemlinda tangu ujana. Macho yake bado yalisoma vistari vya futi bila miwani, na kila mteja aliambiwa hivyo, apende asipende.

Binti yake, kitindamimba, hakuwa na habari na mageti. Alitaka nyota. Alimganda baba yake mpaka akamnunulia darubini kwa muuzaji wa vitu vilivyotumika. Boksi lilikuwa limechakaa, lakini maandishi yalisomeka: hukuza mara mia sita. Muuzaji aliapa kwamba kila kitu kimo ndani.

Jioni hiyo waliiweka sebuleni, nyuma ya kioo cha dirisha, ili mbu wasiwasumbue. Fundi alichagua lenzi yenye nguvu kuliko zote. Waliona ukungu wa kijivu unaotetemeka, basi. Mkewe alichungulia, akasema hata yeye huona hivyohivyo akikata vitunguu. Fundi hakucheka. Alikwenda kulala amenuna.

Siku iliyofuata ilikuwa ya mapumziko. Fundi aliamka bado ana hasira ya kuuziwa bomba bovu. Akalipekua boksi upya. Ndani alikuta kioo cheusi kidogo, cha kufungia kwenye lenzi ya kuchungulia, kimeandikwa "Jua". Akaona amepata jibu. Kama nyota ni hafifu mno kwa chombo hiki, jua si hafifu.

Hakukiamini kioo kile peke yake. Alikata kipande cha kioo cha barakoa, akakibandika juu yake, vikawa viwili. Akaitoa darubini mbele ya karakana, akaielekeza juani bila kuchungulia, akifuata kivuli chake chini mpaka kikawa kifupi kabisa. Alifanya kila kitu kwa makini. Ndiyo maana kosa lake lilikuwa la hatari: alikosea kwa ustadi.

"Njoo, mwanangu," aliita. "Leo utaona."

Mtoto alikuwa ameshafumba jicho moja shemeji alipoingia. Huyu alikuwa mdogo wa mke wa fundi, mpima ardhi, na kazi yake ilikuwa kuchungulia kwenye vyombo vya lenzi akipima mipaka ya viwanja. Hakupiga hodi wala hakusalimu. Aliziba mdomo wa bomba kwa kiganja, na kwa mkono wa pili akamvuta mtoto pembeni.

"Shemeji, unataka kumpofusha mwanangu?"

Fundi alipandwa na hasira. Alimuuliza kama amesahau yuko kwa nani. Moto aliutazama kila siku, tena kwa karibu. "Mimi ndiye wa kufundishwa kioo cheusi? Kwenye karakana yangu?"

"Ndiyo, wewe," alijibu shemeji. "Moto wako unafika kwenye barakoa umetawanyika. Hapa lenzi ya mbele imekusanya mwanga wote wa jua, ikaubana ukawa kitone. Kioo chako hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Sogea, na mtu yeyote asichungulie."

Alivua vioo vyote viwili, akakifunika pia kidarubini cha pembeni cha kulengea. Akabana kipande cha kadibodi nyeusi kwa koleo, akakishika nyuma ya lenzi ya kuchungulia. Moshi ulipanda. Kadibodi ikatoboka. Kisha akarudisha kile kioo kilichotoka kwenye boksi, na wote wakasimama mbali. Muda ukapita. Mkewe fundi alianza kusema huenda kioo hicho ni kizima. Kikalia ta, na ufa ukakipasua toka ukingo hadi ukingo.

"Kingepasuka akiwa anatazama," shemeji alisema, "na asingelia. Nyuma ya jicho hakuna maumivu. Angekwambia kesho kwamba kila akitazamacho kina doa katikati."

Fundi alikaa juu ya ndoo. Jambo la joto kupasua kioo hakuhitaji kufundishwa. Hasira yake haikuisha, ila iligeuza njia. Kuna mtu aliyekata kioo hiki, akakiandika "Jua", akakitia kwenye boksi lenye picha ya mtoto anayecheka. Mtu huyo alikuwa akila na kulala vizuri.

Alikwenda kwa muuzaji na kioo kilichopasuka. Muuzaji, akipanga pasi na redio zake, alisema yeye hauzi alichotengeneza, anauza alicholetewa. Tena hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

"Aliyepofuka angekuona wapi, alalamike?" fundi aliuliza.

Muuzaji alicheka, akaona anacheka peke yake. Kibandani kulikuwa na darubini nyingine mbili kama ile. Fundi alisimama mbele ya kibanda na kumweleza kila aliyepita kazi ya kile kioo, kwa sauti iliyozoea kushindana na mashine ya kukatia vyuma. Wateja wakaanza kuuliza maswali. Haikupita muda, muuzaji akafungua maboksi mwenyewe na kumkabidhi vioo vyeusi. Fundi aliviponda kwa kisigino cha buti palepale.

Darubini yenyewe haikuwa mbovu. Shemeji alimweleza kwamba kioo cha dirisha huharibu picha, kwa hiyo itolewe nje na kuachwa kwanza ipoe. Mara mia sita ni uongo wa boksi; bomba jembamba namna ile likipita mia moja na ushee, huonyesha ukungu tu. Waanze na lenzi dhaifu, yenye namba kubwa, maana kwenye lenzi hizi namba ikipanda nguvu hushuka. Mchana, mbali na jua, walenge ncha ya mnara na kukaza skrubu za kidarubini cha pembeni mpaka vyote viwili vionyeshe ncha hiyohiyo. Jua waliache. Wanaolitazama hufunika mdomo wote wa mbele kwa kichujio maalumu kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika, na kitu hicho, alisema, hawezi kumkabidhi mtu ambaye bado amenuna.

Walianza na mwezi, ukiwa nusu, kwa sababu mwanga wa ubavuni hutoa vivuli virefu. Giza lilipoingia, kitindamimba aliinamia lenzi. Aliganda hapo mpaka mama yake akamuuliza kama amelala. Akasema kuna mashimo, mengine ndani ya mengine, na milima ambayo ncha zake zinawaka huku chini bado ni usiku. Akahesabu mashimo, akakosea, akaanza tena.

Kisha akabadilisha jicho.

"Baba, nimejaribu na la kushoto. Yote mawili yanaona sawa."

Fundi aliinama, akakaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazwa.

"Endelea kutazama," alisema.