Keki ya Bibi na Mkono wa Pili wa Gauni

Mwanga wa mchana uliingia dirishani. Ukatambaa sakafuni polepole, ukapanda juu ya cherehani, ukakaa hapo. Vumbi lilielea ndani ya mwanga kama samaki wadogo. Uani, nyundo iligonga chuma: ko, ko, ko. Ndani, bibi alisinzia kitini.

Cherehani ilikuwa yake. Alikuwa akiishonea tangu usichana wake. Chini ya sindano palikuwa na gauni la buluu la mkwe wake. Gauni lilikuwa na mkono mmoja tu. Mkono wa pili ulikuwa mezani, umekatwa tayari. Ulikuwa unangoja tangu bibi alipougua.

Homa ilikuwa imekwisha. Lakini nguvu hazikurudi. Bibi akikanyaga pedali, gurudumu lilizunguka mara moja, likasimama. Miguu yake ilikuwa kama vijiti viwili ndani ya soksi.

Nyama alikataa. "Inanichosha taya." Maharage alikataa. "Yananijaza." Alikubali kitu kimoja: keki nyeupe laini ya dukani, na chai yenye sukari nyingi. Mkwewe, ambaye alikuwa msusi, alimletea kila jioni. Nani atamnyima mgonjwa anachokitaka?

Mchana huo bibi aliota. Aliota anashona kitambaa kisicho na mwisho. Kilimtoka mikononi kikatiririka kama mto. Miguu yake ilikuwa myepesi. Hakuchoka.

Sauti ya mwanawe ikamwamsha. Mwanawe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na majirani walimwita Cheche.

"Mama, hii cherehani naipeleka stoo. Unaitazama mchana kutwa. Inakutia huzuni bure."

Bibi hakufumbua macho. "Ukiitoa, unitoe na mimi."

"Mama, mimi nakuonea huruma tu."

"Huruma gani ya kubeba vitu vya watu?"

Cheche akajikuna kichwa. "Haya. Tuone. Mwezi huu ukiisha hujaweza kuiendesha, inaondoka."

Bibi akautazama ule mkono wa gauni pale mezani.

Kesho yake jirani alikuja kusukwa. Watu walimwita Shangazi Mwiko, kwa sababu alipika hospitali miaka mingi hadi akastaafu. Huko ndiko alikojifunza chakula cha wagonjwa. Moyo wake ulikuwa mzuri, lakini mdomo wake haukuwa na kifuniko.

Aliona sahani ya bibi. "Hicho ndicho anachokula?"

"Ndicho, shangazi," alisema msusi, huku akimgawanya nywele. "Afadhali anakula."

"Anakula nini hapo? Unga mweupe, sukari na mafuta. Aah, usinivute hivyo, nywele zenyewe zimebaki za kuhesabu! Sikiliza. Mwili uliougua ni nyumba iliyobomoka ukuta. Wewe unaleta kuni tu. Sukari ni kuni, inawaka inaisha. Matofali yako wapi?"

"Matofali ndiyo nini?"

"Protini. Chakula cha kujenga mwili. Mayai, maziwa, samaki, nyama, maharage, karanga. Bila hivyo misuli haijengeki. Miguu haitasimama."

"Lakini vyote hivyo anavikataa."

"Keki anaikataa?"

"Keki haikatai."

"Basi matofali yaingie ndani ya keki."

Sauti ikatoka kitini. "Nawasikia. Mimi ni mgonjwa, si kiziwi."

"Vizuri, dada yangu. Daktari amekukataza chakula chochote? Figo zako nzima? Sukari je, imepanda? Karanga hazikudhuru?"

"Figo nzima, sukari sawa, karanga nilikua nazo. Amenikataza uvivu tu."

Shangazi Mwiko alicheka, kisha akamgeukia msusi. "Lazima kuuliza. Mwenye shida ya figo asipewe protini nyingi kabla ya kumwona daktari. Na mwenye sukari aulize pia, maana tende ni tamu."

Siku iliyofuata wakapika. Shangazi aliamuru, msusi akafuata. Walikata tende, wakachanganya na zabibu kavu hadi zikajaa kikombe kimoja. Wakazilowesha katika maji ya chungwa. Wakachagua karanga moja moja.

"Yenye ukungu tupa. Ukungu ni sumu."

Wakazikaanga, wakazisaga, wakapata kikombe kimoja. Wakachanganya na vikombe viwili vya unga wa ngano usiokobolewa, vijiko vidogo viwili vya beking pauda na chumvi kidogo. Bakuli jingine likapokea mayai manne, nusu kikombe cha mtindi, robo kikombe cha mafuta na ndizi mbili zilizoiva hadi ganda likawa jeusi. Ndizi wakaziponda. Kisha wakaunganisha vyote, pamoja na matunda yale.

"Na sukari?" aliuliza msusi.

"Ya nini? Ndizi tamu, tende tamu, zabibu tamu. Unataka kumwozesha meno mawili aliyobaki nayo?"

"Manne!" bibi alisema kutoka kitini.

Hapo Cheche akaingia, amekunja mikono ya shati. "Moto niachieni mimi. Moto ni kazi yangu."

Wakamwachia. Hilo lilikuwa kosa. Alijaza jiko mkaa, akapepea hadi cheche zikaruka. Baada ya muda mfupi moshi ulijaa jikoni. Keki ilikuwa nyeusi nje, na ndani ilikuwa uji.

Shangazi Mwiko aliitazama. "Baba, ulikuwa unaoka keki au unachomelea geti?"

Bibi alicheka hadi akakohoa. Tangu augue, nyumba ilikuwa haijasikia kicheko chake.

Wakaanza upya. Shangazi alitandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, akaweka sufuria ndogo yenye keki juu yake, akafunika. Mkaa kidogo chini, mwingi kidogo juu ya kifuniko. "Chuma kinatii moto mkali. Keki inabembelezwa."

Cheche alikaa kwenye kigoda, ameweka mikono magotini. Hakupepea.

Bibi alisinzia tena. Ule mto wa kitambaa ukarudi ndotoni, lakini sasa ulinukia ndizi na machungwa. Aliufuata, akaufuata, ukamleta hadi kitini pake. Alipofumbua macho, msusi alikuwa anachoma keki kwa njiti safi. Njiti ikatoka kavu. Keki ilikuwa imeiva.

Bibi alionja. Akatafuna taratibu.

"Ina uzito," alisema. "Ile ya dukani ilikuwa kama kula wingu."

"Kipande asubuhi, kipande jioni, pamoja na maziwa," alisema Shangazi Mwiko. "Lakini keki si dawa. Ukipata hamu, ongeza yai, na maharage yaliyopondwa laini. Na utembee hadi mlangoni kila siku. Matofali bila fundi hayajengi."

Bibi alitembea. Mwanzoni alishika ukuta. Baadaye alishika fimbo. Hamu ilirudi kidogo kidogo. Jioni moja aliomba samaki mwenyewe, na msusi akageuka upande ili asionekane akifuta machozi.

Mwezi ukafika mwisho. Cheche alikuwa uani anagonga chuma. Alipumzisha nyundo, lakini mlio haukukoma. Ulitoka ndani ya nyumba, mwepesi, wa haraka, kama mvua juu ya bati.

Akaingia. Mwanga wa mchana ulikuwa juu ya cherehani. Miguu ya bibi ilipanda na kushuka kwenye pedali. Kitambaa cha buluu kilimtoka mikononi kikatiririka hadi sakafuni.

Bibi hakuinua kichwa. "Umekuja kuibeba?"

Cheche alitazama gurudumu linavyozunguka. Akajipapasa mifukoni, kama mtu aliyesahau kilichomleta.

"Hapana, mama. Nimekuja kuitia mafuta."

"Tia. Halafu mwite mkeo ajaribu gauni lake. Lina mikono miwili."