Lango la Zirimbo

Mashine ya Kiumbanuru ilinguruma kidogo, na ukumbi wa maabara ukageuka bonde. Milima ya zambarau iliinuka palipokuwa na makabati, upepo wenye harufu ya mdalasini ukavuma, na zimwi la shingo ndefu likapita juu likipiga mbawa. Mhandisi Salha Mbwambo alishika kiuno akacheka hadi jino la mwisho likaonekana. Mashine hiyo aliibuni mwenyewe, hapa hapa Mwanza. Ilisoma kumbukumbu za mtu na kuzisuka kwa mwanga na hewa, mpaka ukaweza kuzitembelea kwa miguu yako. Wiki ijayo ingepelekwa katika shule zote nchini, ikiwa na nchi ya Zirimbo ndani yake, mradi mwenye Zirimbo akubali.

Mwenyewe alikuwa Kalokola, aliyesimama bondeni akiegemea mkongojo. Enzi za chuo, yeye, Salha na Siwatu walikuwa wakiizunguka meza ya bweni kucheza mchezo wa masimulizi. Kalokola alisimulia, wenzake wakawa mashujaa, na dadu ikaamua nani anapona. Zirimbo aliitunga yeye. Salha aliipenda kuliko nchi yoyote aliyowahi kuikanyaga.

"Jamani, ndiyo yenyewe!" Kalokola alisema, machozi yakimlengalenga. "Hata madaraja ya kamba!"

"Ulidhani natania? Njoo sasa uone kiboko yao."

Aliwapeleka Kalokola na Siwatu mbele ya Lango la Malkia. Lilikuwa la shaba tupu, refu kupita minara ya jiji, na simba wawili wakililinda. Kalokola alilitazama, akatikisa kichwa.

"Nimekosea wapi?" Salha aliuliza. "Nimelijenga kama ulivyolisimulia."

"Lango hili sikulisimulia hata siku moja, Salha. Tukifika hapa nilikuwa nasema, 'Mmefika. Fumbeni macho mlione.' Kisha nanyamaza. Umesahau?"

Salha akakumbuka ule ukimya, dadu zimetulia mezani, kila mtu na lango lake. Shaba na simba vilikuwa vyake peke yake.

"Siwatu, lako lilikuwaje?"

Siwatu, ambaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuijaribu mashine mwezi uliopita, alifumba macho. Alilitafuta lango lake.

"Naona shaba," alisema taratibu. "Naona simba wako, shoga yangu. Langu limekwenda."

Salha aliumia moyoni. Aliwawaza watoto wa shule zote hizo, kila mmoja kichwani ana lango la Salha Mbwambo. Jana tu wazo hilo lingemvimbisha kichwa. Alikwenda kwenye mitambo akalifuta lango, na mahali pake akaacha ukungu mtupu.

"Lako siwezi kukurudishia," alimwambia Siwatu. "Nisamehe."

Kalokola alikohoa kidogo, akainua mkongojo kama zamani alipokuwa akiinua dadu. "Mmefika," alisema. "Fumbeni macho mlione."

Wakafumba. Mashine nayo ikatulia, kama ilivyoamriwa.

"Ipeleke shuleni hivi hivi," Kalokola alisema hatimaye. "Nami nitatamba mji mzima kwamba aliyeiunda alikuwa mchezaji wangu."

Siwatu alikuwa bado amefumba macho. Kidevu chake kikainuka pole pole, kwa maringo ya shujaa wa miaka ile.

"Si lile la zamani," alisema. "Lakini hili ni langu, na siwaambii lilivyo."