Uongo Uliovuka Mpaka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ineza alikuwa na kazi mbili: kumvalisha mdogo wake sweta na kuhakikisha amemaliza uji. Mwezi wa Julai, baridi ya Moshono, Arusha, haina mchezo. Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu kwa siku nne, na Mugisha, mwenye miaka mitano, alishikilia kwamba kuna mtu ameuiba.

"Kunywa uji, tutachelewa," Ineza alimwambia kwa Kirundi.

"Nimeshiba bwana!" Mugisha alijibu kwa Kiswahili, kisha akatoka mbio.

Familia yao ilikuwa imehamia Arusha mwezi wa Machi kutoka Gitega, nchini Burundi, baada ya baba kupata kazi ya ukalimani. Mugisha alizoea haraka mno. Sasa hata kwenye ndoto aliongea Kiswahili. Lakini Ineza, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, moyo wake ulikuwa umebaki kule kilimani kwa bibi yake mzaa mama. Akifumba macho aliona migomba nyuma ya nyumba, akasikia bibi akiimba huku akipepeta maharage. Bibi ndiye aliyemlea tangu alipoanza kutembea.

Siku hiyo darasani, Mwalimu Philemoni aliwataka wanafunzi waeleze mambo yaliyotokea nyumbani jana yake. Zamu ya Ineza ilipofika, alisimama na kusema, "Jana mama yangu aliteka maharage."

Darasa zima likaangua kicheko.

"Maharage yametekwa! Iteni polisi!" Solomoni alipayuka kutoka nyuma.

Mwalimu aliwanyamazisha. "Kwa Kirundi, *guteka* ni kupika," alieleza. "Nani kati yenu anaweza kusema hata neno moja la Kirundi?" Hakuna aliyenyoosha mkono.

Silantoi, aliyekaa dawati moja na Ineza, alimnong'oneza, "Usijali. Hata bibi yangu akiongea Kiswahili tunacheka, na yeye anacheka." Ineza aliinamia daftari lake. Alikuwa anayazuia machozi.

Jioni, mama alipokuwa uani akianua nguo, Ineza aliichukua simu ya mama. Alirekodi ujumbe wa sauti na kuutuma kwa mjomba Melkiori, aliyeishi na bibi.

"Bibi, huku tunateseka. Mugisha anaumwa sana, hainuki kitandani. Mama na baba hawataki ujue. Usiwapigie, watanigombeza. Njoo utuchukue."

Kisha akaufuta ujumbe ule kwenye simu ya mama. Alitumaini kwamba bibi angewaamuru wazazi warudi nyumbani. Hakuwaza zaidi ya hapo.

Siku tano zilipita kimya. Jumamosi mchana simu ya baba iliita. Aliyepiga alikuwa kondakta wa basi.

"Mzee, kuna bibi hapa stendi, ametoka Burundi. Kiswahili hajui, ila ana karatasi yenye namba yako. Analia tu."

Baba alitoka bila hata kubadilisha viatu. Ineza alibaki amesimama mlangoni.

Bibi aliposhuka kwenye teksi, miguu yake ilikuwa imevimba kwa kukaa kwenye basi siku mbili. Mkononi alishika furushi la mizizi na majani ya dawa. Mugisha alikuwa getini akicheza gololi. Bibi alipomwona, furushi lilimponyoka. Akapiga magoti vumbini, akamgusa paji la uso, shingo na tumbo.

"Uko mzima, mwanangu? Uko mzima kweli?" aliuliza kwa Kirundi.

"Mbona bibi analia?" Mugisha aliuliza kwa Kiswahili.

Bibi hakumwelewa. Alimtazama Ineza ili amtafsirie, lakini Ineza akainama kuliokota furushi.

Walipokwisha kuingia ndani, na bibi kusema amemletea Mugisha dawa, mama aliuliza, "Mama, nani alikuambia Mugisha anaumwa?"

Bibi alimtazama Ineza. Kisha akainamisha macho. "Labda Melkiori alisikia vibaya," alisema taratibu.

Ineza alielewa kwamba bibi anamfichia. Kama angenyamaza, mambo yangeishia pale na lawama ingemwangukia mjomba. Lakini aliiona ile miguu iliyovimba, akashindwa kuvumilia.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia. Nilidanganya."

Baba alisimama kwa hasira. "Ineza! Unajua umefanya nini?"

"Mwache aseme, baba Ineza," bibi alimzuia. Akamvuta mjukuu wake karibu. "Mjukuu wangu, nimewaachia majirani maharage yangu shambani. Njia nzima sikuweza kumeza hata maji. Kila basi liliposimama, nilifikiri nitafika nikute kaburi. Kwa nini hukuniambia ukweli?"

"Sikuwa na jambo kubwa la kukuambia," Ineza alilia. "Nilikuwa nimekukumbuka tu."

"Tu?" bibi alirudia. "Hilo 'tu' ndilo lililokuponza. Ulidhani kunikumbuka hakutoshi, ukatafuta ugonjwa wa kuongezea."

Mama alikuwa akijifuta macho kwa upindo wa kanga. "Na mimi nina kosa," alisema. "Kila siku nawakumbuka watu wa nyumbani, lakini nilikaa kimya nisiwahuzunishe watoto. Kumbe kila mtu humu ndani alikuwa analia peke yake."

Jioni ile Ineza alimpigia mjomba Melkiori, akamweleza ukweli wote na kumwomba radhi. Halafu alichemsha maji, akatia chumvi, akaikanda miguu ya bibi.

Bibi alikaa nao siku tisa. Silantoi alikuja kumsalimia, akiwa amebeba chupa ya maziwa kutoka kwa mama yake. "Shikamoo bibi," alisema. Bibi hakujua la kujibu, ikabidi Ineza asimame katikati yao na kutafsiri. Waliongea kwanza habari za maziwa, kisha za ng'ombe, na mwishoni wote watatu walikuwa wanacheka. Ineza mwenyewe alishangaa kusikia Kiswahili kinamtoka bila kukwama. Kabla ya kuondoka, Silantoi alitaka kujua wanavyosalimiana kwa Kirundi, akaenda akirudia njiani, "Amahoro! Amahoro!"

Siku ya safari, familia nzima ilimsindikiza bibi stendi. Wazazi walikuwa wameahidi kwamba kila Jumapili baada ya ibada watampigia simu, na kila mmoja atazungumza naye, Mugisha kwa Kirundi. Hata hivyo, Ineza hakuuachia mkono wa bibi.

"Bibi, bado nitakukumbuka," alisema. "Hata leo usiku."

"Nikumbuke," bibi alijibu, akimshika mashavu. "Na mimi nitakukumbuka, na tutaambiana. Kumkumbuka mtu umpendaye si kosa wala si ugonjwa. Lakini uongo, hata ukitoka kwenye moyo wenye upendo, huwaumiza wale wale unaowapenda. Ukilia, lia kwa jambo la kweli, mjukuu wangu, ili anayekuja kukufuta machozi ajue anafuta nini."

Basi likaondoka. Ineza alisimama kati ya baba na mama, akalia waziwazi bila kujificha.