Mkwe Hatekwi Mezani

"Sogeza, kijana! Au unangoja mvua za vuli?"

Nkwabi aliinamia meza. Jasho lilimtiririka shingoni. Alikuwa amemshika askari wa udongo kwa vidole viwili.

Kijimeza walichokizunguka hakikuzidi sinia la pilau. Juu yake palikuwa na mto wa kitambaa cha buluu, vilima vya mabaki ya kaki, na vikosi viwili vya askari wa udongo wenye bunduki za njiti za kiberiti. Mwenye meza na mwenye sauti ile, Mzee Maulidi, alikuwa fundi cherehani hapa Shinyanga mjini, lakini zamani alipigana upande wa Mjerumani. Rafiki yake Mzee Abdu, aliyekaa pembeni na kikombe chake cha kahawa, alipigana upande wa Mwingereza, katika jeshi lake la Keya. Vita vyao vilikwisha zamani. Ugomvi wa sheria za mezani ndio uliokataa kwisha.

Kwa sheria za Maulidi, askari huenda shibiri nzima, kisha simbi, yaani kauri, hurushwa kuamua nani kafa. Abdu alizicheka. "Meza ndogo hivi, shibiri? Vita vitakwisha kahawa haijapoa!" Kwake askari huenda vidole vinne, na wawili wakimbana mmoja, ametekwa; akitekwa jenerali, vita vimekwisha.

Siku hiyo walicheza kwa sheria za Keya, na aliyezichagua ni Maulidi mwenyewe.

"Simbi ni bahati," alisema. "Binti yangu haolewi kwa bahati. Si lazima kijana anishinde. Nataka kuona anapigana vipi."

Mengine yote wazee wa pande mbili walikwisha kuyazungumza. Lilibaki hili tu, Nkwabi ampate Zuwena.

Na sasa askari mmoja wa Nkwabi alikuwa ubavuni mwa jenerali wa mzee. Wa pili, yule aliyemshika, alibakisha vidole vinne tu. Nyuma ya pazia la mlango Zuwena aliuma ncha ya kanga. Msogeze mbele, mpenzi wangu, msogeze tu!

Nkwabi akamrudisha nyuma.

"Lahaula!" Mzee Abdu akaguna.

Mzee Maulidi hakugusa kitu. Alimtazama kijana mpaka kijana akainamisha kichwa.

"Umeniachia."

Nkwabi akaficha mikono mapajani.

"Nasema umeniachia! Mimi nimepigana na watu, sikuachiwa na mtu. Anayeniachia mezani leo, kesho ataniachia binti yangu njiani. Rudi Geita kwenye machimbo yenu ya dhahabu."

Asubuhi yake Zuwena alibeba mtungi kwenda kisimani, ingawa maji nyumbani yalikuwa tele. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Nkwabi alikuwa anamngoja.

"Yule jenerali hukumwona?"

"Nilimwona."

"Sasa ukashindwa nini?"

"Yule ni mkwe wangu, Zuwena. Kwetu Didia ukikutana na mkwe njiani unampisha, hata kama ni kuingia miibani. Nitamtekaje mbele ya watu?"

"Si ungemwambia!"

"Mkwe haambiwi. Mkwe anaheshimiwa."

"Na mimi je? Mimi nafanywa nini?"

Nkwabi aligeuka kutazama njia. Honi ya lori ililia sokoni. Alichukua kifurushi chake, akasimama, akakiweka tena chini.

"Naenda machimboni. Moyo wangu nauacha hapa. Ukiukuta njiani, usiukanyage."

Akaenda. Zuwena akarudi nyumbani na mtungi mtupu.

Jamani, kungoja kunachosha kuliko kulima! Kila lori la Geita liliposimama sokoni, Zuwena alikumbuka chumvi imekwisha, akatoka mbio kuinunua. Nyumba ilijaa chumvi. Dereva wa lori, Makoye, alimzoea, akawa anamwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Umemwona?"

"Nimemwona, mayu."

"Kasemaje?"

"Anasema lori likiingia kule anaacha chakula, anakuja kutazama kama umeshuka."

Zuwena aligeuza uso upande wa ukuta.

"Mwambie mimi kila lori linalotoka natamani kulipanda. Mwambie usingizi sina. Mwambie... basi. Mwambie hajambo."

"Nani hajambo?"

"Mimi, Makoye! Mimi!"

Kumweleza baba hakuweza. Binti gani anakaa na baba yake kuzungumza habari za mume? Aibu ilimfunga mdomo, mpaka Ijumaa moja alipoleta kahawa na kumsikia Mzee Maulidi akimwambia rafiki yake:

"Kuna mtu wa Tabora kaleta posa. Ramadhani ikiisha nampa jibu."

Zuwena aliishia mlangoni na sinia. Akaliweka chini.

"Baba, naomba nicheze."

"Wewe?"

"Mwache acheze!" Mzee Abdu akachangamka. "Kwa sheria zipi, mwanangu?"

"Za Keya, shikamoo yako babu."

"Marahaba! Huyu ana akili, Maulidi. Kakuzidi."

Waliocheza nyuma ya pazia kwa macho tu wanajua mengi. Zuwena alivuka mto, akapanda kilima, akamweka askari mmoja ubavuni mwa jenerali wa baba yake. Akamshika wa pili. Akamrudisha nyuma.

Mzee Maulidi akapiga meza, askari wakaanguka.

"Na wewe unaniachia? Unanidharau?"

"Nakuheshimu, Baba. Mkono umekataa." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Mimi niliyezaliwa humu ndani mkono umekataa, sembuse mtu aliyelelewa kumpisha mkwe hata miibani? Nkwabi hakukuogopa. Alikuona mkwe."

"Mbona hakusema?"

"Kwao mkwe haambiwi."

Mzee Abdu aliweka kikombe chini.

"Maulidi, miaka yote tunagombea shibiri na vidole. Kumbe kijana alikuja na sheria ya tatu, na hatukumwuliza."

Mzee Maulidi aliinua askari wake mmoja mmoja.

"Nimemfukuza mtu kwa sababu ya adabu yake," alisema kwa sauti ndogo. "Mwambieni Makoye amlete."

Makoye alienda, akarudi peke yake.

"Amehamia machimbo mengine, mayu. Nimeacha maneno kwa wenzake."

Ramadhani iliingia. Zuwena alifunga, akafuturu, akatazama barabara. Alikonda mpaka bangili zikamchezea mkononi. Malori yalikuja na watu wa watu.

Siku ya Idi, jua likiwa utosini, mtu mwenye vumbi hadi nyusi alisimama mbali na baraza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sogea."

Nkwabi alisogea, akakaa chini kwenye ncha ya mkeka, macho ardhini. Mzee Maulidi akavuta kijimeza.

"Tunacheza."

"Baba, nisamehe. Siwezi. Hata ukinifukuza tena."

"Nani kasema unapigana na mimi? Adui ni huyu." Akamwonyesha Abdu. "Mkwe na mkwe hukaa upande mmoja. Ndiyo sheria ya meza hii kuanzia leo."

"Wawili kwa mmoja? Dhuluma!" Abdu akalalamika, lakini meno yote yalikuwa nje.

Mara hii Nkwabi alimsogeza askari wake mbele. Mzee alibana kushoto, yeye akabana kulia, jenerali wa Keya akatekwa. Mzee Maulidi alicheka mpaka akakohoa.

"Zuwena!"

"Abee, Baba."

"Yule mtu wa Tabora nimempelekea jibu."

Pazia lilitulia. "Jibu gani, Baba?"

"Kwamba binti yangu ana mume."

Zuwena alitoka, aibu zote kaziacha ndani. Nkwabi aliinua macho, na safari hii hakuyashusha.

"Lori la Geita linaondoka kesho?" Zuwena aliuliza.

"Linaondoka."

"Na wewe?"

"Mimi nimefika."