Vipande vya Buluu Mtaroni

Mtaa huo ulikuwa wa washonaji. Vyerehani vinane vilipangwa barazani, kimoja baada ya kingine, kando ya mtaro. Tangu asubuhi hadi jioni ilisikika sauti moja tu, tiki tiki tiki. Mtu akiugua, majirani walijua mapema kwa sababu sauti ilipungua.

Cherehani cha tatu kilikuwa cha Fundi. Alishona sare za shule. Mke wake alikata vitambaa na kutia vifungo. Ndani, katika chumba chenye dirisha la upande wa mtaro, alilala mama yake Fundi. Miguu yake ilikuwa imepooza kwa miaka minne. Mtaa mzima ulimwita Bibi.

Kila jioni mafundi walifagia. Ufagio ulisukuma vipande vya vitambaa hadi ukingoni, vikaanguka mtaroni. "Maji yatachukua," walisema. Ni kweli, maji yalichukua. Lakini hakuna aliyeuliza yanavipeleka wapi.

Msimu wa mvua ulipoanza, mtaro ulifurika. Maji yaliingia chumbani kwa Bibi yakafika kwenye miguu ya kitanda. Mafundi wakaitana barazani.

Wa kwanza kusema alikuwa Bwana Suruali. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kushona kitu kingine.

"Hawa ni watu wa kule juu," alisema. "Wao wanatupa chupa na mifuko, sisi tunaogelea."

"Tuweke wavu wa nondo kwenye mdomo wa bomba linalopita chini ya barabara," Fundi alisema. "Uchafu wao ukwame pale. Bomba lisizibe."

Wote wakakubali. Kikao hakikuchukua hata nusu saa. Wakamwita mchomeleaji, wavu ukawekwa, watu wakapeana mikono. Mafundi wanane wanaojua kitambaa kuliko mtu yeyote walisahau jambo moja. Kitambaa kikilowa, hunata.

Mvua ya pili ilinyesha mchana. Vipande viliukumbatia wavu vikaufunga kama pazia. Maji yalikosa njia yakarudi nyuma. Fundi alikuwa ameenda kununua nyuzi. Mke wake alimbeba Bibi peke yake akamlaza juu ya meza ya kukatia, lakini alichelewa. Godoro lilikuwa limelowa, na Bibi naye alikuwa amelowa.

Bibi alipata homa ya mapafu. Alilazwa hospitali wiki mbili. Siku ya kumruhusu, daktari alimvuta Fundi pembeni. "Mama yako amenusurika," alisema. "Akilowa tena hivi, siwezi kukuahidi kitu."

Bibi alirudi nyumbani, lakini hakuwa yule wa zamani. Hakutaka tena kulala akitazama dirisha. Wingu likitanda kidogo tu, aliomba apandishwe mezani. Fundi alikonda kwa mawazo. Wavu ule ulikuwa wazo lake, na jambo hilo lilimuuma sana.

Ndipo akaja Bibi Afya, afisa wa afya wa mtaa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu vya mpira na daftari. Alisikiliza habari yote bila kumkatiza mtu.

"Sasa tuambie tufanye nini," Fundi alisema.

"Sijui," alijibu Bibi Afya.

Bwana Suruali aliguna. "Kama hujui, dada yangu, umekuja kututembelea?"

"Nimekuja tutafute pamoja, kaka. Mlipika dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Safari hii tuanze na ugonjwa. Ondoeni ule wavu. Halafu kwa siku mbili msirekebishe kitu. Tazameni tu. Nani anatupa, anatupa nini, saa ngapi. Msigombane na mtu."

Walitazama siku mbili, macho yote yakiwa kwa watu wa juu. Siku ya tatu waliingia mtaroni na majembe. Bibi Afya alitandika turubai, akawaomba watenge walichokitoa. Chupa zilikuwa chache, na mifuko ilikuwa rundo dogo. Rundo la tatu liliendelea kukua mpaka likafika magotini. Lilikuwa vitambaa.

Mke wa Fundi alichomoa kipande cha buluu, akakikamua. Pembeni kilikuwa na mkato mdogo wa pembetatu.

"Huu ni mkato wangu," alisema polepole. "Mimi huweka alama hii kwenye kola."

Fundi alikipokea. Bwana Suruali aliinamia rundo akavuta pindo jeusi la suruali, kisha akalirudisha. Hakuna aliyemtania. Mchuma janga hula na wa kwao, na hapa aliyelishwa alikuwa mama mgonjwa.

"Sikuja kuwaaibisha," Bibi Afya alisema. "Niambieni, ni nani anayeujua mtaro huu kuliko wote?"

Kila mmoja alijitaja mwenyewe. Mke wa Fundi akatikisa kichwa. "Ni Mama. Dirisha lake liko juu ya mtaro. Anausikia mchana kutwa. Na hatujawahi kumuuliza."

Walikwenda chumbani, wakapiga hodi kwanza kama inavyopasa. Bibi alikuwa ameligeuzia dirisha mgongo.

"Shikamoo, Mama," Bibi Afya alisema. "Tunaomba utufundishe. Unasikia nini mtaroni?"

Bibi aliitikia. "Marahaba. Asubuhi nasikia maji tu. Saa kumi na mbili jioni nasikia fagio nane. Naujua kila mmoja. Unaoanza ni wa mwanangu."

Fundi alichuchumaa kando ya kitanda. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ungenijibu nini? Mimi ni mzigo, mwanangu. Mzigo haukilaumu kichwa kinachoubeba."

Fundi alilia mbele ya wenzake, naye hakujificha.

Walirudi barazani. Bibi Afya aliwaomba waiseme shida yao kwa sentensi moja. Walibishana sana. Mwishoni mke wa Fundi alisema, "Jalala liko mbali, na jioni tumechoka. Kipande kikishaanguka sakafuni, tayari kimeshafika mtaroni. Tufanyeje ili kisianguke sakafuni?"

"Andikeni hilo," Bibi Afya alisema. "Sasa tuleteni mawazo. Mengi. Na wazo la mwenzako usilicheke kabla hajamaliza kulisema."

"Tufuge mbuzi ale vitambaa," Bwana Suruali alisema.

Watu walicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Bibi Afya aliandika: mbuzi. Kisha likaja wazo la pipa, la sanduku, la zamu ya kubeba, na la gunia chini ya kila meza.

Walichagua gunia.

"Nitashona manane leo," Fundi alisema. Alikuwa na haraka, kwa sababu mvua zilikuwa bado hazijaisha.

"Shona moja," Bibi Afya alisema. "Lile la wavu mlilifanya kubwa mara moja."

Gunia moja likafungwa chini ya cherehani cha Fundi. Kabla ya adhuhuri lilinaswa kwenye kanyagio, uzi ukakatika, sare ikaharibika. Fundi alilitupa chini. "Tumeshindwa tena."

"Limeshindwa kwenye cherehani kimoja," Bibi Afya alisema. "Halikumlowesha mtu. Sasa tunajua nini?"

"Kwamba halitaki kukaa chini," mke wa Fundi alijibu. "Vipande huangukia mkono wa kushoto. Livikwe pete ya waya, litundikwe hapo, mdomo ukae wazi."

Walijaribu siku tatu. Lilikaa vizuri. Sakafu ya Fundi ilikuwa safi, na Bwana Suruali alikuja kuchungulia mara nne akijifanya anaomba sindano. Ndipo wakashona mengine saba. Kila Jumamosi mtengeneza mito ya kulalia wa mtaa wa pili alikuja kuyamwaga, vile vipande akavijazia mito yake. Siku hiyohiyo waliusafisha mtaro kwa zamu. Chupa na mifuko bado vilikuja kutoka juu, ila vilikuwa vichache, na viliondolewa mapema. Bwana Suruali mwenyewe alikwenda kuwaalika watu wa juu kwenye usafi huo, na hakwenda kuwagombeza.

Mvua kubwa ikaja alasiri moja. Vyerehani vyote vilinyamaza. Fundi alikimbilia chumbani, akaingiza mikono chini ya mgongo wa mama yake.

"Njoo mezani, Mama."

"Ngoja," Bibi alisema. "Sikiliza."

Fundi alisikiliza. Mvua ilipiga bati kwa nguvu. Chini yake, mtaroni, maji yalikuwa yanakimbia. Mkewe alisimama mlangoni akiitazama sakafu. Walingoja muda mrefu. Sakafu ilibaki kavu.

"Yanapita," Bibi alisema.

"Yanapita, Mama."

"Basi nigeuze. Nataka kulala nikitazama dirisha."

Fundi alimgeuza taratibu, akamfunika. Mvua haikuwa imekwisha Bibi alipopata usingizi.