Kiriba cha Mhunzi Jilala

Kilijaa chenyewe. Saa saba mchana, watu wako kwenye ugali, bomba la mashine ya hewa limeshachomolewa na kutundikwa msumarini, na kile kiriba cha ngozi juu ya meza kikavimba taratibu, kikanywea, kikavimba tena. Sabiti alisimama mlangoni, beseni mkononi. Akajiambia ni joto la bati. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu!

Ilikuwa mwaka 1969. Homa ya mafua ilikuwa imeingia kwa njia ya Kahama, na katika hospitali moja ndogo karibu na Segese watu walikuwa wakikosa pumzi na kufa macho wazi. Akaletwa Daktari Valerian kutoka Mwanza na mashine moja ya kupumulia wagonjwa, ya kukandamiza kwa mkono, awafundishe matabibu kuitumia. Lakini utamfundishaje mtu kwa kumjaribia mgonjwa mahututi? Kilitakiwa kitu cha kujaa hewa badala ya pafu. Sabiti, tabibu mwenye kiherehere, akaenda kwenye kibanda cha marehemu Jilala, mhunzi, akaokota kiriba cha mivukuto yake ya kupulizia moto. Kilikuwa kimepasuliwa katikati. Kushona vidonda ndiyo kazi yake, basi akakishona kwa uzi wa hospitali, mshono safi, hewa haitoki hata kidogo. Daktari akamsifu mbele ya wenzake. Siku sita wakakipulizia kwa zamu, asubuhi mpaka jioni.

Siku ya saba akaletwa Mwahija, mama yake Sabiti, kutoka Maganzo, midomo imemgeuka myeusi.

"Mama, niko hapa," Sabiti akanong'ona. "Nitakupumulia mimi mwenyewe."

Akamfunika mpira wa mashine puani na mdomoni, akakandamiza. Kifua cha mama hakikupanda. Akakandamiza tena, daktari akamrekebisha kichwa mgonjwa, akakandamiza tena, na chumba kikaanza kunuka mkaa na chuma cha moto wakati hapakuwa na jiko wala moshi, na pale mezani, hatua nne kutoka kitandani, pasipo bomba wala mkono wa mtu, kila alipokandamiza, kilichovimba ni kiriba.

Mjane wa Jilala akaingia bila hodi. Habari za kiriba zilikuwa zimemfikia sokoni.

"Nani kakishona?"

"Mimi. Shikamoo, Mama Cornel."

"Tulikipasua siku ya maziko, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Mhunzi wa ukoo wetu akifa kiriba chake hupasuliwa, pumzi yake isipate pa kukaa. Wewe umemshonea, na siku sita mmempulizia. Sasa anatafuta mwili. Acha kusukuma."

"Nikiacha, mama yangu anakufa."

"Mwache afe akiwa yeye."

Jamani, ni mtoto gani angeweza? Akamwomba Mungu, akamwomba hata huyo Jilala amwachie mama yake, na bado akakandamiza, kwa kuwa kila alipolegeza tu kidogo midomo ile ilizidi weusi, akakandamiza huku nyundo zikigonga chuma masikioni mwake, karibu, karibu zaidi, mpaka kiriba kikatoa mkoromo mrefu kikalala bapa juu ya meza, na kifua cha Mwahija kikapanda.

"Kinapanda!" Daktari Valerian akapaza sauti, akakimbilia mlangoni. "Njooni muone! Mashine imemrudisha!"

Mwahija akafumbua macho. Akausukuma ule mpira kwa mkono wake. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kufika Segese, wala hakuwa akimjua yule mjane, lakini macho yake yalimwendea yeye kwanza.

"Mama Cornel," akasema kwa sauti nzito ya kiume, "mbona umeacha moto ukazimika?"

Mjane akajifunika uso kwa kanga.

"Mama," Sabiti akaita, akilia. "Mama, ni mimi."

Mgonjwa akamgeukia, akamkagua kutoka kichwani hadi miguuni.

"Kijana," akamuuliza kwa upole, "wewe ni mtoto wa nani?"